Mlamula Ulionyooka

Nyakasimbi, Septemba 4, 1988. Jumapili.

Daftari hili amenipa mjukuu wangu Immaculata. Lilikuwa la hesabu, kurasa za mwanzo amezichana. Anasema, "Bibi, ulisoma kisomo cha watu wazima ukapewa cheti, sasa cheti kinaliwa na mende. Andika." Nikamwambia nitaandika nikipenda. Leo nimependa. Tangu asubuhi nimegombana na watu na wote wamenijibu. Karatasi haijibu.

Mimi ni Therese Kantengwa, mjane wa Methodius. Mvua bado. Migomba imeinamisha majani kama wasichana waliosemwa.

Septemba 7. Jumatano.

Shuleni kuna mwalimu mpya, Abdulghani, mpwa wa Rukaya mwenye duka Kayanga. Amekulia Tanga. Hajui kumenya ndizi, anaishika kama anamnyoa mtu ndevu. Huyo ndiye anawafundisha watoto mchezo wa kuigiza, eti habari za kutunza miti. Na siyo darasani, la. Ni huko juu rweya, kwenye nyasi tupu, jua linawapiga utosini.

Immaculata anarudi jioni bila kuni, bila maji, amebeba sauti tu. Nikamuuliza, "Wewe ni nani katika huo mchezo wenu?"

"Mimi ni Msitu, Bibi."

"Basi Msitu ndiko kunakotoka kuni. Lete kuni."

Septemba 11. Jumapili.

Baada ya misa alikuja Polikarpi kunywa rubisi yangu, pombe ya ndizi. Polikarpi ni mdogo wa marehemu mume wangu. Kibanja chake cha migomba na changu vimegawanywa na milamula aliyoipanda baba yao kwa mkono wake. Mwalimu Abdulghani nimemsikia akiuita ua la urembo. Hapa kwetu mlamula si ua. Kulamula ni kuamua ugomvi, na mti huu ndio mwamuzi: uliposimama ndipo mpaka ulipo, na mtu mzima hathubutu kuung'oa.

Mstari wetu unashuka kutoka barabarani, ukifika kwenye kichuguu unatoka nje kama tumbo la mjamzito, unaingia upande wa Polikarpi, halafu unarudi. Baba mkwe alimwongezea Methodius lile tumbo kwa sababu ndiye mkubwa. Ndani ya tumbo kuna kichuguu cha kumbikumbi, kuna kaburi la Methodius, na kando ya kaburi kuna nafasi yangu. Naipalilia mwenyewe. Fidele, mwanetu, baba yake Immaculata, alikufa vitani Uganda, kaburi lake hatulijui, kwa hiyo pale ni sisi wawili tu. Mimi nilivushwa Mto Kagera mgongoni mwa mama yangu. Ukoo hapa sina. Nina ile nafasi.

Polikarpi akakitazama kichuguu. "Shemeji, mwaka huu kumbikumbi watakuwa wengi."

"Kwangu watakuwa wengi. Kwako sijui."

Akacheka. "Ungenikubali nilipokuja kukurithi, leo kusingekuwa na kwangu na kwako."

"Ningekukubali, leo ungekuwa umelala pale na kaka yako, nimekuua kwa maneno."

Akacheka mpaka kibuyu kikamwagika. Mlevi asiye na madhara. Nampa pombe kwa sababu akicheka ana sauti ya Methodius.

Septemba 14. Jumatano.

Nimepanda rweya na fimbo kumkokota Immaculata nyumbani. Nimekuta wanafanya mazoezi. Kuna kijana anaitwa Mlafi, amefunga matambara tumboni, anajifanya anakata miti. Na mjukuu wangu, yule anayejibu kwa pua nikimtuma maji, akafungua mdomo akalia. Si kilio cha kuigiza. Ni kilio cha mama aliyeambiwa mwanawe harudi. Mimi nakijua, niliwahi kukitoa.

Jirani yangu Kokubanza alikuwa pale. Akaniuliza, "Therese, unalia?"

"Vumbi."

Nimerudi na fimbo sijaitumia.

Septemba 16. Ijumaa.

Mvua bado. Immaculata amelala na njaa kwa kunijibu. Baadaye nilimpa kiporo.

Septemba 18. Jumapili.

Leo nimeaibika mbele ya Mungu na mbele ya migomba.

Immaculata aliondoka alfajiri, eti kuandaa uwanja. Mimi nikaenda misa, na kutoka misa sikupita nyumbani, nikapanda rweya moja kwa moja na Kokubanza. Watu walijaa, wamekaa kwenye nyasi kuzunguka. Mwenyekiti wa kijiji amewekewa kiti, Bwana Miti, yule ofisa wa misitu, amekuja na pikipiki kutoka Kayanga. Na katikati watoto wamesimamisha msitu. Msitu kweli! Miti yenye majani mabichi marefu, na ndani yake Immaculata, amejifunga majani toka kiunoni hadi kichwani, macho tu yanaonekana. Kiangazi hiki nyasi zote zimekuwa kahawia, ule ukijani ukaniburudisha roho.

Nikamwambia Kokubanza, "Huyu mwalimu ana akili. Majani mabichi ameyatoa wapi?"

Kokubanza akasema, "Mlamula haunyauki haraka."

Nikasema, "Ndiyo maana."

Nilisema ndiyo maana, nikaendelea kutazama!

Mlafi akaingia. Anausukuma mti mmoja, unaanguka, anaukanyaga, anahamia mwingine. Kila unapoanguka Immaculata anatoa ile sauti. Wanawake wakafunika midomo kwa khanga. Hata mwenyekiti aliacha kusinzia. Mwisho watoto wote wakaingia wakaisimamisha miti tena, wakaimba, watu wakainuka. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Nilisema kwa sauti, kila mtu asikie, "Huyo Msitu ni mjukuu wangu!" Nilikuwa naringa. Mimi, Therese, nilikuwa naringa.

Nikashuka nyumbani. Kutoka mlangoni kwangu siku zote naona milamula. Leo nikamwona mke wa Polikarpi anapepeta maharage uani kwake. Nikasimama nikijiuliza kwa nini namwona. Halafu nikaona mashimo. Kutoka barabarani hadi bondeni, na kuzunguka tumbo lote, mashimo matupu kama fizi za mzee.

Immaculata alipofika bado ana majani kichwani.

"Umeng'oa yote?"

"Bibi, ni maua tu. Mwalimu alisema kila mmoja alete mti usionyauka. Wenzangu walileta vitawi. Mimi nilitaka Msitu uwe mkubwa, ulipokwenda misa nikaja nao tukaing'oa."

"Hukujua ule ni mpaka?"

"Nani aliniambia?"

"Hayo mtu haambiwi! Mtu anakua akiyaona!"

"Mimi niliona maua, Bibi."

Nilimpiga. Nilimpiga na yale yale majani.

Septemba 19. Jumatatu.

Nimemwambia hivi: kesho nakwenda Kayanga kununua chumvi na mafuta ya taa. Nikirudi nikute kila mlamula umerudi. Amesema, "Ndiyo, Bibi." Amesema kwa adabu. Nilipaswa kuiogopa ile adabu.

Septemba 21. Jumatano.

Mvua ya kwanza ilinikuta Kayanga, ikanilaza kwa Rukaya. Alinipa kitanda na chai ya tangawizi. Mtu mzuri Rukaya, ila anaongea kuliko redio.

Nimerudi leo. Nilipokata kona nikaona kijani, nikamshukuru Mungu. Nikasogea, nikaona kimenyooka.

Kimenyooka! Kutoka barabarani hadi bondeni, mlamula na mlamula, wamesimama kama askari wanaokaguliwa. Tumbo hakuna. Kichuguu kiko ng'ambo. Methodius yuko ng'ambo. Nafasi yangu iko ng'ambo.

Mwalimu Abdulghani alikuwa pale na wanafunzi wananawa udongo, nyuso zinang'aa. "Shikamoo, Bibi. Tumerudisha yote, hata mmoja haukupotea. Tumepanda kitaalamu, kwa kamba."

Sikuitikia shikamoo yake. "Na mashimo ya zamani?"

"Mvua iliyafukia, Bibi. Na mstari wenyewe watoto walisema ulikuwa umepindapinda. Basi nikamuuliza mzee jirani. Akatusaidia sana, alishika kamba upande wa chini."

"Mzee gani?"

"Babu Polikarpi. Mtu mwema sana yule."

Immaculata alikuwa anatazama miguu yake. Alimwona babu yake anavyoshika kamba, akaona inavyokata, na alikuwa bado ana alama za kipigo changu, akaogopa kusema neno mbele ya wakubwa. Hayo ameniambia baadaye. Kilio cha miti anacho. Sauti ya kusema "Babu, siyo hapo" hakuwa nayo.

Nilikwenda kwa Polikarpi. Nilimkuta ameketi anasugua jembe.

"Watoto waliniomba nishike kamba, shemeji, nikashika. Mtoto akikuomba kitu kidogo namna hiyo utamnyima?"

"Polikarpi, kaka yako yuko upande wako!"

"Sasa kaka yangu kuwa kwangu kuna ubaya gani?"

Alisema kwa upole. Wala hakuwa amelewa.

Nikachukua jembe niing'oe yote. Kokubanza akanishika mkono. "Therese! Mtu mzima hang'oi mlamula. Ukiung'oa wewe, umeshindwa kesi kabla haijaanza. Peleka pombe kwa wazee."

Septemba 25. Jumapili.

Nimepeleka rubisi kwa wazee wa baraza. Wamekunywa. Wamesema Jumapili ijayo. Mmoja, yule mwenye jicho moja, akaninong'oneza, "Wahi, mama. Mlamula ukishika mizizi umeshasema."

Oktoba 2. Jumapili.

Baraza halikukaa. Kuna msiba bondeni.

Oktoba 5. Jumatano.

Mvua. Kila mtu anapanda maharage na kumshukuru Mungu. Mimi pia nimepanda, halafu nimepiga magoti nimeomba jua. Nimeomba jua la kuchoma, liue maharage yangu na maharage ya kijiji kizima, ilimradi liue na ile milamula. Padri akijua ataninyima komunyo. Nyumba nzima inanuka udongo mbichi, harufu ambayo maisha yangu yote nimeipenda.

Oktoba 9. Jumapili.

Baraza halikukaa. Wazee wanasema njia inateleza. Kwenye pombe haikuteleza.

Oktoba 13. Alhamisi.

Mmoja karibu na barabara una jani la njano! Nimelitazama asubuhi na jioni. Immaculata alikuja kusimama nami. Akaligusa lile jani kwa kidole, nikampiga kidole, asije akaliponya.

Oktoba 16. Jumapili.

Baraza halikukaa. Nimemfungua mbuzi makusudi. Kaunusa mlamula, kapiga chafya, kaenda kula maharage yangu.

Oktoba 19. Jumatano.

Jani la njano limeanguka. Nyuma yake kumetoka jipya, limejikunja kama karatasi ya kufungia karanga.

Oktoba 23. Jumapili.

Baraza halikukaa. Mvua.

Oktoba 30. Jumapili.

Baraza limekaa.

Tulikaa nje ya ofisi ya kijiji, mawingu yako chini. Mwalimu Abdulghani alisimama wa kwanza kabla hajaitwa. Alivaa kanzu yake safi. Nilidhani atajitetea. Akasema, "Wazee wangu, kosa ni langu. Nilikokulia mti huu hupandwa kwenye makopo ya barazani. Sikujua kwamba unasema. Watoto hawa niliwatuma mimi, na kamba ni ya kwangu. Namwomba Bibi radhi mbele yenu." Nimemdharau kijana huyu tangu alivyoshika ndizi, na leo ndiye mwanamume pekee niliyemwona pale.

Mwenyekiti wa baraza akauliza, "Mlamula nani aling'oa?"

"Watoto."

"Mtoto hang'oi mlamula. Mtoto akiung'oa ni sawa na upepo umeuangusha. Hakuna kosa, hakuna faini."

"Vema," nikasema. "Basi urudi pale upepo ulipoutoa."

"Ngoja, mama. Ulipandwa na nani?"

"Na hao hao watoto!"

"Na mtu mzima wa ukoo alikuwepo?"

Polikarpi akasimama, akavua kofia. "Mimi nilishika kamba."

"Basi alikuwepo. Umepandwa."

Nikasema, "Hebu nielewesheni, mimi sikusoma sana. Mikono ile ile ya watoto ikingʼoa ni upepo, ikipanda ni ukoo?"

Watu wakaguna. Mwenyekiti hakuguna. Akamtuma mzee wa jicho moja akatazame. Tukamngoja. Akarudi ananuka mvua, hakunitazama. "Umeshika. Wote. Una majani mapya."

"Mama Fidele," mwenyekiti akasema, "nani wa ukoo wetu atasema mstari ulipita wapi?"

"Mume wangu."

"Yuko wapi?"

"Yuko kwa Polikarpi!"

Wakacheka. Hata mimi nilisikia neno lilivyotoka.

Mwenyekiti akangoja kicheko kipite, maana si mtu mbaya. "Hakuna anayekufukuza, mama yetu. Ulikuja ukapokelewa. Utalima hapo mpaka mwisho wako."

"Na mwisho wenyewe mtauweka wapi?"

Akakunja mwavuli wake, akaufungua tena. "Hayo tutayaongea yakifika."

Yakifika nitakuwa siongei.

Novemba 6. Jumapili.

Kumbikumbi wametoka. Wengi, kama Polikarpi alivyosema. Wajukuu wake wametandika majani ya migomba kwenye kichuguu, wanakinga na kupiga kelele. Nimewasikiliza nikiwa ndani. Mke wake amenitumia sahani. Nilisema nitawarushia kuku. Nimewakaanga nikala wote.

Novemba 9. Jumatano.

Immaculata anasema wameongeza sehemu katika mchezo. Sehemu ya kamba. "Bibi, watu wakiona kwa macho wataona haya. Mwenyekiti atakuwepo, Bwana Miti atakuwepo. Babu ataona aibu, atarudisha mwenyewe."

Nikamwambia aibu si mhogo, huwezi kumpandia mtu. Lakini nimemshonea majani mapya, ya mgomba. Nimeshona vizuri. Nimeshona kama mtu anayetumaini, mjinga mimi.

Novemba 13. Jumapili.

Walicheza rweya, manyunyu yanaanguka, hakuna aliyeondoka. Immaculata alilia kuliko siku zote. Halafu ikaja sehemu ya kamba. Kijana mmoja akatoka amejipinda mgongo, anatembea kama Polikarpi, anavuta kamasi kama Polikarpi. Akashika kamba akasema, "Mtoto akikuomba kitu kidogo namna hiyo utamnyima?"

Watu walilipuka. Wanawake walishikana mabega. Nikamtafuta Polikarpi kwa macho. Nilitaka kuiona aibu yake, nimeingoja, nimeishonea majani.

Polikarpi akainuka. Nikasema moyoni, anaondoka. Hakuondoka. Aliingia uwanjani, akamnyang'anya kijana kamba. "Siyo hivyo, mwanangu. Hivi." Akainama, akafumba jicho moja, akaivuta kamba mpaka ikalia. "Namna hii ndivyo nilivyoshika."

Kijiji kilianguka chini kwa kicheko. Mwenyekiti alifuta machozi. Watoto wadogo wakaanza kumwita "Babu Kamba! Babu Kamba!" naye akawapungia kofia.

Nimeona watu wakiungama dhambi kanisani, wanapiga magoti, sauti haitoki. Sijawahi kumwona anayeungama huku anashangiliwa. Kila mtu pale alijua nilichoibiwa. Walijua tangu mwanzo. Waliona kwa macho, kama Immaculata alivyotaka, na walifurahi sana.

Immaculata alibaki amesimama katikati, majani yanachuruzika maji. Hakuna aliyekuwa anamtazama.

Novemba 16. Jumatano.

Bwana Miti amesema mchezo uende kushindana Kayanga, na Polikarpi aende. "Mzee huyu ndiye mchezo wenyewe." Mwalimu alikataa. Mwalimu mkuu amekubali kwa niaba yake.

Novemba 20. Jumapili.

Mvua. Mlamula wa karibu na barabara umeongeza majani mapya. Sikusogea tena kuuangalia, ila unaonekana tu.

Novemba 27. Jumapili.

Wamerudi na lori, wanaimba. Wamekuwa wa kwanza. Zawadi ni miche ya mikaratusi, lori nusu, igawiwe kijijini. Polikarpi aliketi mbele na dereva.

Immaculata aliingia bila kuimba. Nikamwekea ndizi na maharage, hakugusa.

"Uliliaje?" nikamuuliza.

"Vizuri, Bibi. Nililia vizuri kabisa." Akaanza kuvua majani. "Nilipoanza kulia walicheka. Walijua Babu anakuja."

Akakunja majani yake ya mgomba, akayaweka jikoni, nikawashia moto asubuhi.

Desemba 4. Jumapili.

Leo shule imegawa miche na imepanda. Polikarpi alitoa kiwanja cha mfano, kila mtu apite aone miti inavyopandwa. Kiwanja chenyewe ni lile tumbo. Wanafunzi walipanga mstari, wakavuta kamba, na upande wa chini alishika yeye. Waliruka kaburi la Methodius, wakaliacha na hatua kidogo kila upande, hilo nawashukuru. Nafasi yangu hawakuiruka. Hawajui kama ni nafasi. Inaonekana kama ardhi iliyopaliliwa vizuri, na mche umesimama katikati, umefungwa kijiti usianguke.

Mikaratusi hunywa maji. Baada ya muda hata kumbikumbi watahama pale. Polikarpi hajali, atauza nguzo.

Mwalimu Abdulghani hakwenda kupanda. Alikuja kwangu akaketi kwenye kigoda, akiwa ameshika kofia yake. Nikampa ndizi amenye. Siku hizi anamenya vizuri.

"Bibi, nimeomba uhamisho."

"Na mimi niombe kwa nani?"

Akachukua ndizi nyingine. Tukamenya mpaka sufuria ikajaa, na tulikuwa watu wawili tu wa kula.

Desemba 9. Ijumaa.

Shule imefungwa.

Desemba 11. Jumapili.

Immaculata amekwenda Kaisho kwa mama yake, Costansia, aliyeolewa huko baada ya Fidele. Ni mimi niliyemwambia aende akapumzike. Kuna jambo ameniuliza akiwa amebeba mzigo kichwani: "Bibi, sasa utalala wapi?" Nilimjibu kwa ukali kwamba nitalala kitandani kwangu, kwani nimekuwa mgonjwa? Akasema, "Ndiyo, Bibi." Ile adabu tena.

Sikumwambia asirudi. Lakini sikumwambia arudi, na gari lilikuwa limeshaondoka nilipokumbuka.

Desemba 14. Jumatano.

Nimevuna maharage. Mazuri. Mvua ilikuwa nzuri mwaka huu.

Desemba 18. Jumapili.

Noeli imekaribia, na kila mwaka kabla ya Noeli nalifagia kaburi la Methodius. Nimechukua ufagio nimeshuka. Mlamula umenawiri, hakuna hata mmoja uliokufa. Majani yanang'aa. Ni mstari mzuri, mtu asiyejua angeusifu.

Miaka yote nimepita pale bila kusema neno, napita kama ninavyokwenda jikoni kwangu. Leo miguu ilisimama yenyewe. Nikasimama kwenye mlamula, ufagio mkononi, nikasema, "Hodi."

Ndani kwake Polikarpi alikuwa na wageni. Alikuwa anacheka, sauti ya Methodius kabisa.

Nikasema tena, "Hodi hapa."

Hawakusikia. Nimerudi na ufagio, nimefagia mlango wangu.